Septemba ya kwenye nyimbo na Septemba ya huku nje

Septemba ishafika katikati na bado nalala na eisi inaunguruma usiku kucha, bili ya umeme ikija sijui ntaifungua na moyo gani. Afu cha ajabu, hapa Saitama, Japani, ukiingia konbini, vile viduka vya kila kitu, unakuta washapanga vitu vya viazi vitamu, mabango yote rangi ya majani makavu, na spika za juu zinapiga zile nyimbo za joto kuisha. Joto lipi limeisha jamani, mi mwenyewe humo ndani nimeingia kutafuta maji ya baridi.

Ila nyimbo zenyewe nazipenda kinoma. Wajapani wana ngoma za kila msimu, za sakura, yale maua ya mcheri, utazichoka, za Krismasi ndo usiseme, lakini hizi za mwisho wa Agosti kuelekea Oktoba zina kitu chake. Mwimbaji anakua kama mtu yuko harusini bado anakula pilau ila macho yako kwa vijana wanaokusanya viti.

Ya kwanza kwangu siku zote ni Wakamono no Subete ya bendi ya Fujifabric, ilitoka Novemba 2007, yaani wimbo wa joto kuisha umetoka watu washavaa makoti. Unaanza na mtu wa hali ya hewa kwenye TV anasema kilele cha joto kimepita, basi, hamna mbwembwe, afu jamaa anatembea zake mtaani, jioni inaingia, kengele ya saa kumi na moja inalia, anawaza fataki za mwisho za mwaka huu na kama atakutana na mtu fulani, anajijibu mwenyewe kwamba aah haiwezekani. Hiyo kengele kama hujakaa Japani huwezi kuielewa. Miji mingi ina spika kwenye nguzo, za kutangazia dharura, na jioni zinapiga kimuziki kifupi, watoto wanajua muda wa kurudi nyumbani. Mi mwanzo nlikua nashtuka, saizi isipolia ndo nashtuka.

Sasa aliyeutunga na kuuimba, Shimura Masahiko, kwao ni Fujiyoshida, chini kabisa ya Mlima Fuji. Alifariki Desemba 24 mwaka 2009, ana miaka 29 tu. Na mji wake siku za kumkumbuka huwa wanabadilisha kengele ya jioni wanaweka nyimbo zake. Mtu katunga wimbo una kengele ya mtaa ndani yake, afu mtaa wenyewe ukaja kuugeuza kengele. Niliposoma hiyo habari nliacha kula kwanza.

Kinachonisumbua miaka hii ni yule mtu wa hali ya hewa wa mstari wa kwanza, kwamba siku hizi angeitoa lini hiyo taarifa? Agosti 5 mwaka 2025 Isesaki, mkoa wa Gunma, majirani zetu kabisa hapa, ilipiga nyuzi 41.8, haijawahi kutokea Japani nzima tangu waanze kupima. 2023 ilivunja rekodi ya majira ya joto, 2024 ikaifikia, 2025 ikazipita zote mbili. Kwa kalenda yao ya zamani majira ya majani kupukutika yanaanza kama Agosti 7 au 8, hapo wazee wanacheka tu wenyewe, lakini angalau zamani Septemba ilikua Septemba kweli. Kwaiyo hizi nyimbo mi naona zimebeba hali ya hewa ambayo nje haipo tena, au ipo ila inachelewa mwezi mzima, na watu wanaendelea kuzipiga kwa tarehe zile zile kana kwamba hamna kilichobadilika.

Mfano September ya Takeuchi Mariya, ya Agosti 1979, maneno ya Matsumoto Takashi na muziki wa Hayashi Tetsuji. Inachangamka balaa ukiisikia hujui maneno, unaweza kuiweka kwenye gari safari ndefu na abiria wote wakatikisa kichwa. Kumbe ndani dada wa watu anamfuatilia mpenzi wake anayeenda kumuona mwanamke mkubwa kuliko yeye, na anasema ile kamusi aliyomwazima atamrudishia kesho, akishakata kwanza neno la mapenzi. Akate na mkasi! Huo ndo ugomvi wa kistaarabu, taarab ingemfaa sana huyu. Na Septemba yake jua limelegea, rangi zimebadilika, kila kitu kimepoa pamoja na mapenzi yenyewe. Mi nimeisikiliza jana kituoni nasubiri treni, shati limenigandia mgongoni, mapenzi yanapoa wapi hapa.

Huyo huyo Hayashi ndo alitunga muziki wa Mayonaka no Door ya Matsubara Miki, mwaka huo huo 1979. Mdogo wangu yuko Tanga anaijua hiyo nyimbo kuliko mimi, kaipata TikTok ilivyolipuka dunia nzima 2020. Akaniuliza kwenye voisi, "kaka, huyu dada bado anaimba?" Nikamwambia alifariki 2004 mdogo wangu, hakuuona huo moto wote. Akakaa kimya afu akaniuliza kama huku baridi imeanza, nikacheka, kwao Tanga ndo walikua wanatoka kwenye kipupwe chao, wamelala na shuka Agosti nzima, mi huku nayeyuka.

Afu kuna ya kuliza watu, secret base ya Zone, Agosti 2001. Wasichana wa Sapporo, wanapiga vyombo wenyewe, wimbo wa marafiki wanaoachana likizo ya joto ikiisha na wanaahidiana kukutana Agosti miaka kumi mbele. Huko kwao Hokkaido, kaskazini, shule zinafungua mapema, Agosti bado haijaisha, na upepo wao wa Agosti hauna uhusiano na huku kwetu, kwaiyo kwao maneno yanakaa vizuri. Bendi ikavunjika 2005. Ikafika 2011, ile miaka kumi imetimia, katuni ya Anohana inaurudia huo wimbo mwishoni mwa kila kipande, na Zone wenyewe wakarudi jukwaani Agosti ile ile. Nani anatimizaga ahadi ya kwenye wimbo? Na Anohana mandhari yake ni Chichibu, hapa hapa Saitama, nimeshaenda, daraja lile la kwenye katuni lipo kweli na watu wanapiga picha juu yake kwa heshima zote.

Natsu no Owari ya Moriyama Naotaro, 2003, naitaja tu kwa sababu mtu ataniuliza. Nzuri, sauti inapanda mpaka unamuonea huruma, wapo wanaoisikia kama wimbo wa vita na kwa Agosti ya Japani nawaelewa, ila mi huwa siimalizi.

Kuna moja siipigi kabla ya wakati, nayo ni ya Fujifabric hao hao, Akakiiro no Kinmokusei, Septemba 2004, walikua wametoa wimbo kwa kila msimu na huu ndo wa majani kupukutika. Kinmokusei ni mti wa vimaua vidogo vya rangi ya chungwa, harufu yake inakupata kabla hujauona mti, mwisho wa Septemba hivi mtaa mzima unanukia. Kinadharia. Miaka hii watu wanalalamika yanachelewa, na mi nangoja pua iniambie, kalenda ishanidanganya vya kutosha.

Kama unataka kuanza, anza na ya Takeuchi, uje Wakamono no Subete jioni ukiwa unatembea. Ya Zone usiisikilize kazini.