Siku ya Theluji Ndiyo Siku ya Joto

Fairbanks, Alaska. Jumapili jioni, Novemba.

Leo nimeamka nikakuta theluji mpya juu ya ile ya zamani, na kipimajoto cha dirishani kinasoma nyuzi 9 chini ya sifuri. Nikafurahi. Nimechukua sepetu nikasafisha njia ya gari, koti wazi, zipu sikuifunga. Juzi jua lilikuwa linameremeta, anga halina hata wingu moja, na ilikuwa 29 chini ya sifuri. Vinyweleo vya puani viliganda kwa pumzi ya kwanza tu.

Mchana nikampigia mama.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Theluji imeanguka huko?"

"Imeanguka, tena nyingi."

"Maskini! Si utaganda?"

"Hapana mama, leo ndiyo afadhali."

Akacheka. Alidhani namficha shida zangu, kama nilivyozoea.

Simlaumu, hata mimi nilikuja hapa nikiamini theluji na baridi ni pacha. Kumbe mawingu ndiyo shuka letu. Joto kidogo linalotoka ardhini huyakuta yametanda, likarudishwa chini. Yakiondoka, basi: usiku ni mrefu, joto lote lapaa, na jua la Novemba halina nguvu ya kulirudisha. Lenyewe linazidi kutukimbia, kila siku inapungua kwa dakika kama saba. Kufikia tarehe 21 Desemba tutabaki na saa tatu na dakika arobaini hivi za jua, nalo linatambaa tu juu ya vilima vya kusini.

Kilichonishinda zaidi kukubali ni habari ya milima. Nimekulia Lushoto. Ukitoka Mombo, kila kona unayopanda unatamani sweta. Hapa ukitaka joto unapanda! Hewa baridi ni nzito. Inateremka na kutuama bondeni kandokando ya Mto Chena, na kwa kuwa upepo ni wa nadra, hakuna wa kuikoroga. Juzi hiyohiyo nilialikwa chakula juu kwenye vilima. Njiani nikaangalia kipimajoto cha gari: kilipanda nyuzi kumi na moja kabla sijafika mlangoni.

Theluji yenyewe ni kavu kama unga wa muhogo. Watoto wakitaka kuifinyanga inawamwagika mikononi. Inakaa juu ya matawi wiki nzima na zaidi bila kudondoka, na hii iliyoanguka Oktoba ndiyo nitakayoikanyaga bado Aprili. Jirani yangu mzee huiombea ije mapema, kabla ya baridi kali, maana inafunika ardhi na mabomba yake hayagandi. Anachokiogopa ni mvua. Desemba 2021, siku moja baada ya Krismasi, ilinyesha mvua katikati ya majira ya baridi, ikaganda barabarani, na barafu ile haikuondoka hadi masika. Mpaka leo akiisimulia anashusha sauti, kama anayetaja msiba.

Nimechungulia dirishani sasa hivi. Nyota zimeanza kuonekana upande wa kaskazini, moja, mbili, halafu nyingi. Ngoja nitoke nikachomeke kwenye soketi waya wa kupasha injini ya gari joto, la sivyo kesho injini haitawaka.