Sifuri kabla ya kumi

Mwaka 2012 nilikiandikia chama kimoja cha akiba na mikopo mjini Tanga programu ya kusajili wanachama. Niliiandika kwa lugha ya Java, madirisha yote ya Swing, maktaba yake ya kutengenezea madirisha na visanduku. Asubuhi ya kuikabidhi, katibu wao alifungua fomu mpya, akaandika jina la mwanachama wa kwanza, akahamia kwenye kisanduku cha namba ya simu. Akabonyeza 0. Kimya. Akabonyeza tena kwa nguvu.

"Mwanangu, mbona hapa hapaandikiki?"

"Samahani mama, nipe dakika chache."

Benchini walikuwa wamekaa watu saba au wanane, wengine wamefunga vibanda vyao sokoni ili waje kusajiliwa. Niliumia kuwaona wakisubiri.

Kisanduku kile nilikuwa nimekiunda mwenyewe kwa kurithi JTextField, yaani kwa kuchukua kisanduku cha maandishi cha Swing na kukiongezea yangu, kisipokee zaidi ya tarakimu 10. Wiki nzima kilikuwa kizima, maana ile 10 niliiandika moja kwa moja ndani ya hati yake, yaani sehemu inayohifadhi maandishi yake na kuamua yapi yaingie. Usiku wa kuamkia siku ile nikataka kitumike kokote: kikomo kitajwe wakati wa kukiunda, simu ipewe 10, namba ya uanachama ipewe 6. Nikabadilisha, nikafungasha programu, nikalala bila kuijaribu.

Nikakaa pembeni na laptopu, nikaongeza mistari miwili ya kuchapisha kikomo: mmoja pale klasi yangu, yaani ramani ya kisanduku kile, inapodaiwa hati, mwingine mwishoni mwa konstrakta yangu, sehemu ya klasi inayokiunda kisanduku. Majibu yakatoka hivi:

Nadaiwa hati, kikomo = 0
Nimeshaundwa, kikomo = 10

Sifuri imetangulia! Konstrakta yangu ilianza kwa kumwita mzazi, yaani klasi niliyoirithi, kama Java ilivyolazimisha. JTextField naye, akiwa bado anajijenga, huita methodi, yaani kipande cha maagizo chenye jina, iitwayo createDefaultModel ili apate hati ya kuhifadhia maandishi. Methodi hiyo nilikuwa nimeiandika upya, kwa hiyo wito ukaangukia kwa mtoto, klasi yangu, ambaye hajapewa chochote, namba zake zote zingali 0. Akatoa hati yenye kikomo cha sifuri, inayokataa kila kitu tangu tarakimu ya kwanza. Ile 10 ilipofika, hati ilikuwa imeshakwenda. Kwenye lugha ya C++ wito kama huo ungeishia kwa mzazi mwenyewe. Na siku zile Java haikuruhusu hata kuweka thamani kabla ya super, yaani ule wito kwa mzazi; ruhusa hiyo imekuja rasmi na Java 25, mwaka 2025.

Tangu siku ile nashikilia kwamba anayeandika klasi za kurithiwa na wengine ana deni la kutuambia waziwazi ni methodi zipi ataziita kabla hajamaliza kujijenga. Sisi tunaorithi hatuna namna ya kulibahatisha jambo hilo.

Dawa yenyewe ilikuwa fupi. Niliifuta ile methodi, nikamwacha JTextField ajijenge mpaka amalize, ndipo kwenye mstari unaofuata nikaita setDocument na kumkabidhi hati yangu, kikomo kikiwa kimeshajulikana. Nikafungasha upya, safari hii nikajaribu visanduku vyote kimoja kimoja, nikarudi mezani kwa katibu.

Mzee wa kwanza benchini akamtajia namba yake taratibu, na tarakimu zikawa zinaingia. Ya mwisho katibu aliibonyeza mara mbili kwa bahati mbaya. Ya pili haikuingia.

"Imekataa," akasema, akanitazama.

"Hiyo ndiyo inayotakiwa kukataa, mama."

Akamwita anayefuata.