Daftari la Majimbo

Juzi mtoto wa dada yangu, aliyeingia chuoni mwaka huu, aliniletea barua niipitie kabla serikali yao ya wanafunzi haijaipeleka kwa wawakilishi. Inaanza kwa maneno "Sisi wanafunzi tumechoka", na katika kurasa zake mbili haisemi popote wanataka nini, kiasi gani, wala kwa ajili ya nani. Nilimwomba aniachie mpaka asubuhi, kisha nikalitoa sandukuni lile kauntabuku langu jeusi.

Mwaka ule mimi ndiye niliyekuwa waziri wa mikopo katika serikali ya wanafunzi ya chuo chetu. Fedha za kujikimu zilikuwa zimechelewa kwa miezi, na katika dakhalia yetu, ambamo wengi walikuwa wenzetu wa Pemba wasioweza kurudi kwao jioni kula, sufuria moja ya wali ililiwa na watu sita. Wengi walitaka tuandamane. Aliyetuzuia ni mzee mmoja aliyefanya kazi katika Baraza la Wawakilishi la Zanzibar tangu miaka ya mwanzo, lilipoanzishwa mwaka 1980. Alitueleza kwamba mwaka wa fedha huanza tarehe 1 Julai, kwamba bajeti ya wizara hupitiwa kwanza na kamati, na kwamba anayengoja mpaka isomwe ukumbini huwa amekwisha kuchelewa. Akatuambia pia tusijihesabu kwa madarasa bali kwa majimbo, kwa kuwa mwakilishi hachaguliwi na darasa.

Kwa wiki mbili tuliandika katika kauntabuku hilo majina ya waliokosa fedha, jimbo kwa jimbo. Mwezi wa Mei, mvua ya masika ikinyesha, tulifika wanne Chukwani, kwenye jengo la Baraza, daftari nimelifunga kwa kanga. Mwakilishi mmoja wa Pemba alitoka kikaoni akasema ana dakika tano tu.

"Wa kwangu wako wapi?"

Nililifungua. Ukurasa wa jimbo lake ulikuwa umeingia maji na kugandana na wa pili yake, naye akauachanisha kwa ukucha, polepole, kama anayeogopa kuchana kitu cha mtu. Kisha akapitisha kidole chini ya kila mstari: jina, shehia, mwaka wa masomo, miezi aliyokosa fedha. Kwenye jina la tisa kidole kikasimama.

"Huyu babake namjua. Yupo hapa?"

Nilimjibu kwamba alikwisha kupanda boti wiki iliyopita, amerudi nyumbani.

Kidole hakikuondoka. "Sasa mbona mmemwandika?"

"Mheshimiwa, tulipoanza kuandika alikuwepo."

Aliniomba kalamu, akalinakili jina hilo peke yake nyuma ya karatasi zake, akaingia ndani bila ya kuaga.

Wiki chache baadaye fedha zilitoka. Wenzangu walishangilia wakasema ni kazi ya daftari, nami nilitamani kuamini hivyo, lakini huenda zilikuwa njiani siku zote. Yule binti wa jina la tisa hakurudi. Kinachonisumbua zaidi ni kwamba aliandika jina lake kwa sababu tulimpelekea daftari chumbani akiwa na njaa, na hatukumweleza kwamba litasomwa na mtu anayemjua babake. Sijui kama nyumbani kwao liliwafikia kama msaada au kama aibu.

Asubuhi nilimrudishia mtoto barua yake, pembeni nimeandika maswali matatu: mnataka nini, kiasi gani, na kwa ajili ya nani. Hilo la tatu nililifuta nikaliandika tena mara mbili.