Leo kiplefti cha Michenzani

Jioni hii nimeshaingia kiplefti cha Michenzani, na aliye ndani ndiye mwenye haki, hilo halina mjadala. Kijana wa Vespa akachomoka kwa kasi, nikakanyaga breki mpaka kapu la ndizi likamwagika kiti cha nyuma. Na bado yeye ndiye wa kunitukana! Akaja dirishani, mishipa ya shingo imemtoka, anapiga boneti makofi.

Ulimi wangu mnaujua. Jibu lilikuwa tayari, tena la kumtia adabu wiki nzima. Nikaubana usukani, nikamswalia Mtume kimoyomoyo mara tatu.

"Mwanangu, umeumia?"

Akanyamaza. Akatazama miguu yake. Ndara moja tu; nyengine imo chini ya gari yangu.