Siku moja maishani mwangu: asubuhi Tudor, jioni Mji wa Kale

Saa 12 asubuhi

Kwetu Njombe saa hizi watu bado wamejikunyata kwenye blanketi. Hapa Mombasa jasho limeshaanza kabla sijamaliza kufunga mkoba. Nimevuka mpaka kuja kusomea ujenzi, na chumba nimepanga Tudor. Kona ya mtaa kuna mama anayeuza mahamri na mbaazi za nazi. Namwamkia, ananijibu "Marahaba, mamangu," na kuniongezea mchuzi bila kuulizwa. Leo ni Jumatano, siku ambayo vipindi vinaisha mchana, kwa hiyo nusu ya pili ya siku ni yangu.

Saa 2

Darasani. Zege, nondo, uwiano wa saruji na mchanga. Ni somo ninalolihitaji na nalisoma kwa bidii, ila kila nikitazama ubaoni nafikiria kwamba mwendo mfupi tu kutoka hapa kuna Fort Jesus, ngome iliyojengwa zaidi ya miaka 400 iliyopita bila mfuko hata mmoja wa saruji. Imesimamaje mpaka leo? Swali hilo ndilo linalonitoa nje kila nipatapo nafasi.

Saa 7 mchana

Matatu mpaka mjini, kisha miguu. Napitia Marikiti, soko lililojengwa mwaka 1914, kununua iliki na pilipili manga za kumpelekea mama nikifunga chuo. Sikai sana. Marikiti ni ya asubuhi. Saa hizi wauzaji wamechoka, na joto limewaondolea hamu ya kupiga soga.

Saa 8

Ngomeni. Watalii wengi huingia Fort Jesus, wakapanda juu, wakapiga picha na mizinga, wakatoka. Mimi naanzia chini, kwenye handaki, kwa sababu huko ndiko jengo linapojieleza. Sehemu kubwa ya ukuta wa chini haikujengwa: ni mwamba wenyewe wa matumbawe uliochongwa, halafu mawe yakapandishwa juu yake kwa chokaa. Wareno walianza kazi mwaka 1593 na kumaliza 1596, kwa ramani ya Giovanni Battista Cairati, Mtaliano wa Milan. Jina lake husomwa kwenye kila kijitabu. Waliobeba mawe na kuchoma chokaa hawatajwi, nami naona deni hilo bado halijalipwa.

Ndani nakaa zaidi kwenye vitu vilivyotolewa baharini, vya meli ya Wareno, Santo Antonio de Tanna. Waomani waliizingira ngome kuanzia Machi 1696 hadi Desemba 1698. Meli hii ilikuja kuwaokoa waliokuwa ndani, ikazama hapo hapo mbele ya ngome mwaka 1697. Ukishaviona vyombo vyake, nenda kwenye njia ya matao inayoshuka baharini, usimame kidogo. Ndipo utaelewa maana ya kusubiri msaada huku bahari unaiona.

Mwaka 1895 Waingereza waliigeuza ngome kuwa jela, ikabaki hivyo hadi 1958. UNESCO waliiweka kwenye orodha ya urithi wa dunia mwaka 2011. Kati ya tarehe hizo, ile ya jela ndiyo ningependa isimuliwe zaidi, maana wako wazee ambao bado wanaikumbuka.

Saa 10

Sasa ndiyo saa ya Mji wa Kale. Ukija saa sita mchana utakuta milango imefungwa na paka wamelala. Baada ya sala ya alasiri watu wanarudi barazani, muuza kahawa anagonganisha vikombe, watoto wanaelekea madrasa. Nafuata mtaa wa Ndia Kuu, nakatiza vichochoro mpaka Msikiti wa Mandhry, unaosemekana ulijengwa mwaka 1570. Nasimama nje na kuutazama mnara wake, mpana chini na mwembamba juu, tofauti kabisa na minara ya siku hizi.

Kwenye nyumba moja ya ghorofa fundi yuko juu ya jukwaa anabandua lipu. Nasalimia, naomba kutazama.

"Tazama, mwanangu. Hii imepigwa saruji na watu waliotaka kazi ya haraka," ananiambia, huku akinipa kipande kikubwa kilichojitenga na ukuta.

Nyuma yake jiwe limelowa. Hapo alinieleza jambo ambalo sijalisikia darasani. Jiwe la matumbawe hunyonya unyevu na chumvi, na lipu ya chokaa huuachia unyevu utoke. Ukipiga saruji umeuziba mlango. Maji yanabaki ndani, lipu inapasuka, na mbaya zaidi, vichwa vya boriti vilivyoingia ukutani vinaoza. Boriti hizo ni za mikoko, ndizo zinazobeba dari, na ndizo zinazofanya vyumba vya zamani viwe vyembamba: mti wenyewe haubebi uzito vizuri ukizidi mita tatu hivi. Upana wa sebule uliamuliwa msituni.

Mji wa Kale ulitangazwa eneo la hifadhi mwaka 1990, na watu huzungumzia sana milango ya nakshi na roshani. Ni haki yake. Lakini mlango unaweza kuhamishwa, ukuta ukianguka umekwenda. Ningekuwa na sauti, kila mwenye nyumba angepata chokaa kwa bei isiyoshindwa na saruji.

Saa 12 jioni

Viazi karai vyenye ukwaju, ufukweni upande wa bandari ya zamani. Meli kubwa zilihamia Kilindini zamani; hapa majahazi yaliyobaki ni machache.

Saa 2 usiku

Nimerudi Tudor, nimempigia mama, nimechora ukuta ule kwenye daftari: jiwe, chokaa, boriti, vipimo pembeni. Mada ya mradi wangu wa mwisho nimeshaiamua, nitaipeleka kwa mwalimu kesho. Fundi amenikaribisha Jumamosi asubuhi nione chokaa iliyolowekwa kwa wiki kadhaa ikianza kutumika. Amesema nije na nguo za kazi.