Mwaka wa Lori la Taka

Vijana wa uwanjani kwetu hapa Tanga, wanapomsimulia Larry Bird, mchezaji wa mpira wa kikapu wa Marekani, huanzia Boston, alikotwaa ubingwa wa NBA, ligi ya kulipwa ya huko, mara tatu akiwa na timu ya Celtics. Mimi hunirudisha kwake kipindi ambacho wao hukiruka.

Mwaka 1974 Bird alipata ufadhili wa kucheza Chuo Kikuu cha Indiana, mjini Bloomington, chenye wanafunzi zaidi ya 30,000, naye alitokea French Lick, kijimji cha watu wapatao 2,000. Hakumaliza mwezi. Ule msemo wetu wa "waja leo, waondoka leo" ulimpata barabara: alifungasha, akarudi kwao, akaajiriwa na halmashauri ya mji kukata nyasi, kupaka rangi na kuzoa taka kwa lori, kazi ambayo baadaye alikiri kwamba aliipenda.

Nami niliwahi kurudi kutoka chuo kimoja cha Dar es Salaam kabla ya muhula wa kwanza kwisha. Jirani yetu alikuwa barazani, juu ya mbuzi, akikuna nazi. Nilimwamkia, akaitikia marahaba, kisha akaniuliza bila kuinua macho, "Likizo imeanza mapema hivi, mwanangu?" Miezi iliyofuata nilipakia machungwa Muheza, na sikuwahi kulala usingizi mzuri kama ule.

Bird alirejea masomoni Terre Haute, katika Chuo Kikuu cha Jimbo la Indiana, na kwa misimu mitatu, hadi 1979, akawa na wastani wa pointi 30.3 na ribaundi (mipira inayodakwa baada ya mtupo kukosa) 13.3 kwa mchezo. Hakuwa fowadi wa mbio wala wa kuruka juu. Alichokuwa nacho ni macho ya kuiona pasi kabla mwenzake hajajua kwamba yuko wazi. Celtics walimchagua 1978 katika uteuzi wa wachezaji wapya wa NBA, lakini akabaki chuoni msimu mmoja zaidi, uamuzi ambao, kwa maoni yangu, hauelewi asiyewahi kurudi nyumbani na begi lile lile. Msimu huo timu yake ya chuo ilishinda mechi 33 bila kupoteza hata moja, ikafika fainali ya vyuo ya Salt Lake City, tarehe 26 Machi, dhidi ya chuo cha Michigan State, timu ya Magic Johnson. Huko alizingirwa kila aliposhika mpira, akafunga mitupo 7 tu kati ya 21, na timu yake ikalala kwa 75–64. Mchezo ulipokwisha aliketi benchini, uso ameufunika kwa taulo.