Daftari la asubuhi lililonipatia kipimo cha baridi yabisi

Januari ni mwezi wa sare za shule, na kwa fundi wa cherehani hapa Nakuru hakuna mwezi mwingine wenye kazi nyingi kama huo. Januari ya mwaka juzi ndipo mkasi uliponishinda. Vidole vya mikono yote miwili vilikuwa vimevimba kwenye viungo vya katikati, vinabonyea kama ndizi mbivu, na gumba halikuingia tena katika tundu la mkasi nilioutumia kwa miaka kumi na mmoja.

Kila mtu alikuwa na jawabu. Majirani walisema ni baridi ya asubuhi iliyoniingia mifupani. Zahanati ya kwanza ilisema ni bruselosi, ugonjwa wa mifugo unaompata mtu kupitia maziwa mabichi, kwa kuwa ninakunywa maziwa ya mtaani. Nikameza dawa za kuua bakteria, doksisaiklini na rifampisini, kwa wiki sita, mkojo ukageuka rangi ya chungwa, vidole vikabaki vile vile. Muuza dawa mmoja akasema ni asidi ya yuriki iliyozidi, yaani jongo, nikaacha nyama na maharagwe hadi nikalazimika kuzipunguza sketi zangu mwenyewe kiunoni. Mwishowe nikapimwa damu kutafuta RF, kingamwili inayohusishwa na baridi yabisi, ugonjwa ambao kinga ya mwili hushambulia viungo vyake yenyewe. Haikuonekana, nikaambiwa, "Mama, huna baridi yabisi, nenda nyumbani upumzike."

Kauli hiyo inaniudhi mpaka leo. RF ni kipimo cha zamani, kilichotokana na kazi ya Erik Waaler wa Norway mwaka 1940, na takriban wagonjwa watatu katika kila kumi hawana RF katika damu yao. Tena yaweza kuonekana kwa mtu mwenye homa ya ini, au kwa mzee asiyeumwa popote.

Binti ya shemeji yangu, ambaye ni muuguzi, ndiye aliyenidokeza kwamba viungo vilivyochakaa kwa umri hulegea kabla ya nusu saa kupita tangu mtu aamke, ilhali ugumu wa baridi yabisi mara nyingi hupita saa nzima. Basi nikatwaa daftari la vipimo vya wateja na blauzi yenye vifungo kumi. Kila nilipoamka niliandika saa, nikaketi kitandani na blauzi mapajani, nikajaribu kufunga kifungo baada ya kifungo, na cha kumi kilipoingia niliandika saa tena. Siku ya kwanza zilikuwa dakika 95. Siku ya nne, dakika 110, na machozi yalinitoka kwenye kifungo cha sita. Nilifanya hivyo kwa wiki tatu bila kuruka hata Jumapili. Daktari wa hospitali ya tatu alizisoma kurasa zote kimya, akanibonyeza vidole kimoja kimoja, kisha akaagiza kipimo cha anti-CCP. Kilinigharimu elfu nne na kitu, nauli ikiwemo. Majibu yalikuja yakiwa juu sana.

Alinieleza kwamba ndani ya protini za mwili kuna kijenzi kidogo kiitwacho arijinini, ambacho hugeuzwa kuwa kingine kiitwacho sitrulini, hasa pale mapafu yanapochomwa na moshi wa sigara au ufizi unapokuwa na ugonjwa. Kwa mtu aliyerithi aina fulani za jeni ya HLA-DRB1, kinga ya mwili huiona protini hiyo kuwa mgeni na kuitengenezea kingamwili, na hizo ndizo anti-CCP huzitafuta; zaweza kukaa katika damu miaka mingi kabla ya kidole kuvimba. Hapo nikamkumbuka marehemu mama, ambaye vidole vyake vilikuwa vimepinda kuelekea upande wa kidole cha mwisho, nasi tukiamini ni kwa sababu ya kufua nguo mtoni. Hata hivyo jeni peke yake haitoshi. Pacha wa kufanana akiugua, mara nyingi mwenzake hubaki mzima. Mimi sijawahi kuvuta sigara, lakini ufizi wangu ulikuwa ukitoa damu kwa miaka, nami nimeutibu. Kaka yangu anayevuta nimemwandama bila huruma, kwa sababu moshi na jeni hizo vikikutana hatari huongezeka mno.

Dawa niliyopewa, methotreksati, humezwa mara moja tu kwa wiki, kamwe si kila siku, na asidi ya foliki siku nyingine aliyonipangia daktari. Damu hupimwa mara kwa mara kwa ajili ya ini. Nilianza kuona nafuu mwezi wa tatu wa matibabu. Sasa vifungo kumi vinanichukua dakika nane, na mkasi umerudi mkononi.

Dada yangu mdogo aliniuliza kama naye apimwe jeni. Daktari alisema si lazima, kwa kuwa wengi wenye jeni hizo hawaugui kamwe. Lakini juzi dada alipokuja kunisaidia kushona, nilimwona akikunja na kukunjua vidole muda mrefu kabla ya kushika sindano. Alipoondoka nilimpa daftari jipya na ile blauzi.